Kazi Yangu Ilikuwa Kujaza Viti

Juzi kwenye arusi ya jirani, kijana mmoja mwenye viatu vya ncha ndefu aliniuliza, "Mzee, mbele ya kuzeeka ulifanyaka kazi gani?" Nikamwambia nilikuwa ninajaza viti. Akatikisa kichwa kwa heshima, akasema, "Ah, kumbe weye ni fundi wa makochi." Meza nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini nilipofika nyumbani nikaona afadhali niwaeleze vizuri, ninyi bijana, mbele sijalala ule usingizi ambao mtu haamshwi kwa chai.

Sikilizeni. Penye watu wanaotumia kitu kimoja, iwe pampu, geti, ngazi ama tanki la maji, lazima pawe na komite. Na penye komite hakukosekani kiti ambacho mwenyewe ameondoka. Amekufa, ama amehama, ama amenuna, ama amepata ndege ya kwenda kuishi ng'ambo. Kiti kikibaki kitupu, haipiti muda pampu inakauka, taka zinajaa, na majirani wanaanza kupitana bila salamu. Lazima mtu azunguke kumtafuta wa kukikalia. Huyo mtu nilikuwa mimi. Nilianzia Nakivale, kambi ya wakimbizi kule Uganda, nikamalizia mji wa Mbarara, mpaka ule mwaka wa elfu mbili na kumi na tano macho yangu yalipoanza kunionyesha ngazi mbili fasi penye ngazi moja. Jina langu ni Elia, lakini wote wananiita Baba Zawadi.

Siku hizi ninasinzia sana. Nikiegemea ukuta mchana, jua likinipiga miguuni, ninaona mambo ya zamani kuliko ninavyomwona mbuzi aliye mbele yangu. Ninaona Nakivale ya mwaka wa tisini na sita, asubuhi, ukungu ukitoka ziwani polepole, unapita juu ya mafunjo, unameza hema moja, unameza la pili, hata mtu anayekuja na jerikani unamwona kifua na kichwa tu, anaelea. Tulikuwa tumetoka Kivu ya Kusini na vile mgongo uliweza kubeba. Hakuna aliyejua kama tutakaa wiki ama maisha. Kwa hiyo hakuna aliyetaka kiti. Nani atakubali kuwa mkubwa wa pampu fasi anayofikiri ataiacha kesho kutwa?

Aliyenifundisha kazi ni mwanamke, na habari hii ni yake kuliko yangu. Anaitwa Mama Nsimire. Alikuwa mjane, mrefu, mwembamba, mama wa kanisa letu la Kiprotestanti, mwenye kucheka kwa pua. Watu wa kijiji chetu walimpa pampu aisimamie, naye akanichukua niwe miguu yake.

Alinikataza kumwomba mtu uongozi barabarani. "Mu barabara mutu iko na fasi ya kukimbilia," alisema. Wala usimwombe akiwa amekaa kwake, maana mke atajibu mbele ya bwana. Mfuate shambani, uchukue jembe la pili. Lima naye mstari mzima bila kusema neno. Mwishowe haya itamshika, atakuuliza mwenyewe, "Baba Zawadi, basi umekuja kutafuta nini?" Hapo ndipo unafungua kinywa. Haki ya Mungu, nimelima mashamba ya watu wengi kwa ajili ya kazi hii. Mahindi ya Nakivale yananifahamu.

Pia alinikataza kuanza na cheo. Ukimwambia mtu tunataka uwe mwenyekiti, anaanza kuwahesabu maadui zake. Mwambie tu, "Sauti ya pampu imebadilika, hebu njoo uisikie na weye." Atakuja. Kesho atakuja bila kuitwa, kusikia kama imepona.

Sasa ndoto. Najua ninyi wa simu mtacheka, chekeni tu. Kwetu, watu wa kanisa letu, mtu hakuamka akakaa na ndoto yake tumboni. Aliipeleka kwenye pampu. Mstari ulikuwa mrefu, maji yalitoka kidogo kidogo, na katika ule ukungu watu walisimuliana walichoona usiku kwa sauti za chini, kama vile hawajaamka vizuri. Mmoja ameona mto wa kwao umejaa maziwa. Mwengine ameona mama yake marehemu akitwanga, lakini kinu hakilii. Mama Nsimire alikuwa pale kila asubuhi akijifanya kusafisha mfereji, kumbe anasikiliza. Kiti kikiwa kitupu, hakuuliza hata mara moja nani awe mkubwa. Aliuliza, "Mulimuona nani usiku?" Na jina likirudi kutoka kwa watu ambao hawakuambiana, tunachukua majembe, tunamfuata huyo mtu shambani kwake.

Mimi nilidhani mama huyu ana maono. Siku moja nikamuuliza kama ndoto zile zinatoka kwa Mungu.

Akacheka kwa pua. "Zingine za Mungu, zingine za maharagi. Lakini sikiliza, Baba Zawadi. Ukiuliza batu muchana nani aongoze, batakutajia mwenye koti. Usiku koti haionekane. Usiku mutu anaota ule anayemutegemea."

Nilisema ndiyo Mama, ndiyo Mama, lakini sikio la mwanafunzi lina nta. Safari moja alipokuwa mgonjwa, kiti cha mtu wa matengenezo ya pampu kikawa kitupu, nami nikaona nitamfurahisha nikikijaza haraka. Nikamweka mwalimu wa kwaya. Ee, alikuwa na koti yule! Na sauti! Siku ya kwanza alishika mpini wa pampu ili ayaombee maji. Akaomba, akaomba, mstari wa jerikani ukapinda mpaka nyuma ya kanisa. Mama mmoja akapiga "Amina!" katikati ili kumkata. Yeye akamshukuru, akaendelea. Baadaye mpira wa ndani wa pampu ulipochanika, mwenye kiti alikuwa amesafiri Ngarama na kwaya yake, na sisi tukarudi kuchota maji ya ziwa na ng'ombe. Mama Nsimire hakunigombeza. Aliniuliza tu nani alikuwa amemwota yule bwana. Nikaulizauliza. Hakuna, hata mke wake.

Lakini adui mkubwa wa viti vyetu kule hakuwa koti. Ilikuwa ndege. Mtu anakuwa katibu leo, ameanza tu kuzoea, mnasikia jina lake limetoka, anakwenda Amerika na watoto wote. Tunaweka mwengine, na huyo naye anapata ndege. Basi watu wakaanza kusema kile kiti cha katibu kina mabawa. Yoo! Watu ambao walikuwa wananikimbia wakisingizia magoti yanauma sasa wananifuata mimi shambani kwangu, wanalima mstari mzima bila kusema neno. Mama mmoja alipika karanga akazigawa mstari wote wa pampu, akisema ni kwa upendo wa Bwana. Wakati huohuo kiti cha usafi wa choo kilikaa kitupu mpaka nzi wakatuzoea. Tulimpa yule mama wa karanga kiti cha katibu. Yuko Nakivale mpaka leo, na ni katibu mzuri kabisa.

Miaka ikapita. Mtoto wa kiume wa Mama Nsimire akawa mfanyabiashara wa vitenge, akanunua mlango mmoja katika nyumba ya ghorofa pale Kakiika, Mbarara, akamweka mama yake. Mama naye akasikia nyumba ile inatafuta msimamizi, akanipigia simu. "Kuya. Huku nako kuna viti." Nikaenda.

Mjue nyumba ile ilikuwa namna gani. Kila mlango una mwenye wake, aliyeununua, na ndani ya mlango wake yeye ni mfalme. Lakini paa ni la wote, ngazi ni za wote, geti, tanki la juu, shimo la maji machafu, vyote ni vya wote. Na kitu cha wote, bijana, ni mtoto yatima. Palikuwa na Wakongomani wachache wa biashara, na Waganda wa pale: walimu, dereva wa lori la ndizi, muuguzi wa hospitali aitwaye Nyabo Jovia, na Afande Tumwine, polisi mstaafu ambaye hata kwenda kutupa taka alikwenda kwa mguu wa gwaride. Komite ilikuwepo, yenye viti vyote, na mwenyekiti alikuwa Mama Nsimire mwenyewe. Alikuwa amechaguliwa siku ya kwanza tu, baada ya watu kumwona akifagia ngazi ambazo hakuna aliyemtuma kuzifagia.

Pale ndoto hazikufanya kazi. Maji yanaingia mpaka jikoni kwa mtu, hakuna mstari, hakuna ukungu wa kusimuliana. Kila mtu anaota nyuma ya mlango wake. Katibu akahamia Kampala. Mtu wa usafi akapata ndege. Mtu wa maji akagombana na dereva wa lori kuhusu geti, akasema hataki tena kusikia neno komite. Na kila kiti kilipobaki kitupu, Mama Nsimire alikaa pale pale kwa muda, mpaka tupate mtu. Hatukupata. Ikawa yeye ni mwenyekiti, yeye ni katibu, yeye ni wa usafi, na yeye, na magoti yake yale ya uzee, ndiye anayepanda juu ya paa kutazama tanki. Nilikuwa ninamfuata nyuma kwenye zile ngazi, mikono nimeinyoosha kama anayeshika kuku, nikiogopa ataanguka.

Hapo ndipo simu ya Kanada ikaja.

Mama Nsimire alikuwa na binti, Furaha. Furaha alikuwa amepata ndege kutoka Nakivale akiwa bado msichana, akaolewa huko, mume akamwacha, akabaki na mtoto wa kutembea na mwengine wa mgongoni. Alikuwa amehangaika miaka mingi kumwombea mama yake njia. Sasa njia imefunguka. Ndege ipo, mwezi unajulikana. Na asipoifuata, faili linafungwa, na kulifungua tena hakuna anayejua kama uzee utangoja.

Nilifurahi, nikapiga makofi. Mama Nsimire hakupiga. Aliangalia juu kwenye tanki.

"Siwezi kwenda," alisema. "Viti biko bitupu."

"Mama! Viti vya watu wa Kakiika vinakuzuia kumwona mtoto wako?"

"Baba Zawadi, weye ni mwanaume, haukubebaka." Akanikumbusha vile akina mama wa kwetu wanavyobeba mzigo milimani. Mzigo wa kuni ama wa mihogo ni mzito, mtu hawezi kujitwisha peke yake. Kwa hiyo ukichoka njiani, huuweki chini. Ukiuweka chini umekwisha, hautapanda tena. Unasimama. Unasimama tu, umeinama, unangoja mwenzako aje akupokee, mgongo kwa mgongo. "Muzigo wa batu ni vile," alisema. "Hauwekwake chini. Unapokelewa. Nikienda hivi tu, nimeutupa mu njia."

Waswahili wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kweli, kila mtu pale aliuona mwepesi. Nikapita mlango kwa mlango. "Mzee, mimi niko bize." "Mzee, andika jina ya bwana yangu." Bwana naye, "Andika ya mke wangu." Nikamtafuta mtu wa kulima naye, nikakumbuka hakuna mashamba, nikaosha gari la dereva wa lori upande mmoja mzima bila kusema neno, naye akanishukuru, akanionyesha upande wa pili. Nyabo Jovia ndiye aliyenijibu kama mtu. Alikuwa amesimama mlangoni na macho mekundu. "Mzee, mimi nafanya kazi usiku, mchana nalala. Hata mtoto wangu tunaonana kwenye ngazi tu. Nisamehe." Nilimwambia alale salama.

Afande Tumwine akaja na dawa yake. Tukaitisha mkutano, wakaja watu wachache, naye akasimama akapiga visigino. "Sikiliza! Sisi nachagua ile watu hapana kuja. Hiyo iko dawa ya jeuri." Asiyekuwepo na lake halipo, si ndiyo? Basi tukawachagua wote waliokuwa hawapo, kila kiti, kwa makofi. Mama Nsimire hakupiga makofi. Na wallahi, mkutano uliofuata nyumba nzima ilishuka, mpaka wenye mafua, kila mmoja na hasira yake. "Nani alinichagua? Mimi sikukuwako!" Viti vikajaa na kumwagika katika saa moja. Afande akasema sheria ilikuwa nzuri, watu ndio wabaya.

Siku zikawa zinakwenda, na mwezi wa ndege unasogea. Furaha alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Nilikuwa ninamsikia mama akimjibu, "Bado kidogo, mwanangu, bado kidogo," na sauti yake ilikuwa inachoka.

Kisha kiangazi kikashika, maji ya mji yakakatika. Tanki la juu likalia kama debe. Pakabaki robine moja tu uani, iliyotoka kwenye tanki la zamani la maji ya mvua, na ilitoa maji uzi uzi. Na asubuhi, jamani, nilipofungua geti, nilisimama nikafikiri nimesinzia. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka vilimani, ng'ombe wa jirani walionekana pembe tu juu ya senyenge, na nyumba nzima imeshuka na jerikani, imepanga mstari. Walimu, dereva, wote, katika kanga na kaptura, hawajanawa uso. Na walikuwa wanaongea kwa sauti za chini. Nakivale ilikuwa imenifuata mpaka Kakiika.

Nikachukua ufagio, nikajifanya ninafagia mfereji. Nikauliza, kana kwamba ni kitu cha kupitisha muda, "Mulimuona nani usiku?"

"Mzee," Afande akasema, "hapa hapana watu ya ndoto. Hapa iko katiba." Akajikuna shingo. "Lakini mimi naota ile mama. Yeye napanda ngazi, napanda, ngazi hapana kwisha. Mimi naita yeye, hapana sikia."

Mke wa dereva akageuka. "Kumbe na wewe? Mimi nimemwona ameshika mlango wetu, upepo mkali, yeye ameshika tu." Na mwalimu naye. Na Nyabo Jovia, aliyetoka kazini bado na sare yake, akasema yeye aliota analala mchana, amelala vizuri kabisa, kwa sababu alijua Mama Nsimire yuko macho.

Mama Nsimire alikuwa mwisho wa mstari. Alikuwa amesikia yote. Niliutazama uso wake, na nawaambia kweli, ulikuwa umewaka. Mtu yeyote angefurahi. Na moyo wangu nao ulifurahi, kwa maana alikuwa dada yangu katika dunia ile ya ugeni, na sikutaka aende. Akanisogelea.

"Unaona, Baba Zawadi? Batu bamesema. Nitamupigia Furaha leo. Asiningoje tena."

Sijui neno lile lilinitoka wapi. Labda ni yeye mwenyewe aliliweka ndani yangu zamani. Nikamwambia, "Mama, hawa wanakuota kwa kuwa wanakutegemea. Na Furaha kule Kanada, unafikiri usiku anaona nani?"

Zamu yake ilipofika, akatega jerikani chini ya robine. Jerikani yake ilikuwa imejaa na kumwagika, maji yanampita miguuni, kwenye siku ambazo hakuna aliyemwaga hata tone, na hakuyaona. Nikafunga robine. Aliangalia ule ukungu.

"Nitaenda," akasema. "Lakini unitafutie ba kunipokea."

Basi nikarudia masomo yangu ya zamani kama mtoto wa darasa la kwanza. Sikutaja cheo tena. Maji yaliporudi nilimwendea Afande nikamwambia, "Afande, tanki linalia vibaya, hebu panda usikie na wewe." Akapanda kwa mguu wa gwaride. Kesho yake nilimkuta huko juu kabla yangu, ameweka sikio kwenye bati, ananionya kwa mkono ninyamaze. Mke wa dereva, ambaye alijua habari za kila mlango mbele ya mwenye mlango, nilimwomba awapitie watu kuwaambia siku ya mkutano, kwa kuwa mimi miguu inauma. Mwalimu nikamwachia ufagio mkononi kana kwamba nimeitwa getini, nikachelewa kurudi. Mbele siku ya mkutano haijafika, kila kiti kilikuwa na mtu ambaye hajajua kama amekaa. Isipokuwa kiti kimoja. Uenyekiti hauna bati la kusikiliza. Ni kubeba watu tu.

Mkutano ulifanyika uani, alasiri. Mama Nsimire alivaa kitenge chake cha kanisani. Nikauliza nani siku hizi anatazama tanki, wote wakasema Afande, na Afande akashtuka kama mtu aliyekamatwa. Hivyo hivyo katibu, hivyo hivyo usafi, watu wanacheka na kupiga makofi. Kisha nikasema, "Sasa anayempokea Mama Nsimire mwenyewe." Kicheko kikakatika.

Mama Nsimire akasimama. Akainama kidogo, mikono nyuma kiunoni, vile anasimama mwenye mzigo. Na akabaki hivyo.

Wale wa kwetu tulielewa. Waganda hawakuelewa. Dereva akaleta kiti, "Mama, kaa chini, tuongee." Akasema, "Hapana, sikai." Nikawaeleza habari ya mzigo, vile hauwekwi chini, vile mtu anangoja kupokelewa. Wakatazamana. Mmoja akachungulia simu yake. Mwengine akagundua kamba ya kiatu chake imelegea. Jua lilikuwa linageuka nyuma ya migomba, na yule mama mzee amesimama, na nikaona goti lake la kushoto linaanza kutetemeka chini ya kitenge. Hakumtazama mtu. Nilitaka kupaza sauti, mimi, mimi nitampokea, lakini mimi nilikuwa msimamizi tu, sikuwa na mlango katika nyumba ile, na mzigo ule haukuwa wa mgongo wangu. Hiyo nayo mujue: mwenye kujaza viti hajazi kwa makalio yake mwenyewe. Ilikuwa saa chungu kuliko zote za kazi yangu.

Nyabo Jovia alikuwa nyuma kabisa, amevaa sare tayari kwa kazi ya usiku. Alivumilia, nikamwona anavumilia. Kisha akatoka kwenye benchi, akapita katikati ya watu, mwendo wa wodini.

"Mimi sijui mambo ya kuongoza," akasema, na sauti ilikuwa na hasira, sijui juu ya nani. "Na muda sina. Lakini siwezi kuangalia mama anatetemeka hivi na sisi tumekaa."

Akaingiza mikono chini ya makwapa ya Mama Nsimire, vile wauguzi wanashika mgonjwa, kifua chake kwenye mgongo wa mama, akaubeba uzito wote.

"Umepokea?" Mama Nsimire aliuliza bila kugeuka.

"Nimepokea, Mama. Kaa sasa."

Akamshusha taratibu mpaka kitini. Yeye mwenyewe akabaki amesimama, na Afande akasema kwa nguvu kwamba mchana, Nyabo Jovia akilala, hakuna mtu atapita kwenye ngazi na viatu vya kelele, au ataonana na yeye. Watu wakaanza kuongea wote pamoja. Mke wa dereva akajitolea kumchukua mtoto wa Jovia baada ya shule. Mimi nilifagia fasi ambayo haikuwa na taka, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka bijana wa nyumba ile wanione.

Mama Nsimire akatoa simu kutoka kwenye fundo la kitenge. Hakungoja Jumapili, hakwenda pembeni. Akapiga pale pale kati ya watu, na kwa kuwa masikio yake hayakuwa mazuri tena, sauti ya binti yake ilisikika mpaka kwenye geti.

"Mama? Kuna nini? Leo si siku yetu."

"Furaha. Nakuya."

Tukafikiri simu imekatika. Kisha tukasikia mwanamke mzima analia Kanada, analia kama mtoto mdogo, na nyuma yake mtoto mwengine naye akaanza kulia bila kujua sababu.

Mama Nsimire alimngoja binti yake amalize. Kisha akamwambia, kwa sauti ya chini, "Bamenitua, mwanangu. Nakuya mikono mitupu. Unipe mutoto mumoja nimubebe."